Mjumbe wa Nyumba Moja

Asali ya Inyonga ina harufu ya moshi, na anayekuuzia isiyo na moshi amekuuzia sukari. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita nilifungua kidumu nilicholetewa na abiria mmoja wa basi, na kabla hata sijachovya kidole nikajikuta nimekaa sakafuni jikoni kwangu, mtu mzima na akili zangu timamu, natazama miguu ya meza. Nilikuwa nimerudi Magamba. Nilikuwa na miaka saba, na nyumbani kwetu baba na mama walikuwa hawasemeshani.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Sisi ni Wakonongo, na ingawa wazazi walihamia Magamba, karibu na mji wa Mpanda, ili tulime mahindi kama watu wengine, mizinga ya baba ilibaki kwao, kwenye misitu ya Inyonga. Msimu ukifika alifunga ndoo kwenye pikipiki akaenda kukaa kambini wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kabla hajaondoka kulikuwa na miiko ya kufuata, na mkubwa kuliko yote ni huu: mrina haendi mzingani na ugomvi. Mume na mke wasizozane kabla ya safari wala katikati ya msimu. Nyuki wanamnusa mtu, baba alitufundisha. Ukiwaendea na hasira ya nyumbani watakuchoma mpaka macho yafumbe, au utakuta masega makavu. Niliamini, na kusema kweli hata leo sijaacha kabisa kuamini.

Mdogo wetu Neema alifariki katikati ya msimu. Alikuwa na miezi minane na alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa. Degedege lilimshika asubuhi, na ilipofika alasiri alikuwa ameshafunikwa kanga. Kule kambini simu haishiki. Ujumbe ulitumwa kwa mdomo, ukaishia njiani, na baba akarudi alipomaliza kazi yake mwenyewe, akiwa na ndoo nne zimejaa. Alianza kuita jina la Neema tangu barabarani, maana ilikuwa desturi yake kumwita mdogo kuliko wote kwanza. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alimwonyesha tu kwa kidole upande wa mihogo, ambako udongo ulikuwa bado mwekundu.

Na hapo ndipo ule mwiko ulipotumaliza. Kulikuwa na mizinga ya upande wa juu ambayo haijarinwa, na wazee wakasema baba amalizie kabla nyegere hawajaifikia. Mama alikuwa na la kumwambia, kila mtu aliliona kooni kwake, lakini angesemaje na mtu anarudi mzingani? Akalimeza. Majirani wakamsifu kwa uvumilivu. Msimu ukaisha, baba akarudi moja kwa moja, na mama alipotaka sasa kuongea akakuta hawezi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, ila hawakusema mshindo huo utamwangukia nani.

Uliniangukia mimi. Watu wa mitaa ya kwetu walikuwa na mjumbe wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa mjumbe wa nyumba moja. "Kabula, mwambie baba yako chakula tayari," mama alisema, na baba amekaa hatua tatu kutoka pale, anasikia kila neno. Mimi nilikwenda hizo hatua tatu, nikasema. "Mwambie mama yako nimeshiba." Nikarudi. Wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na sisi Wakonongo ni majirani zao, nadhani sifa ilivuka mpaka. Sikulalamika. Tena nilikuwa mjumbe mjanja. Mama akisema, "Mwambie kama ugali umepoa, moto upo, apashe mwenyewe," mimi nilifikisha hivi: "Baba, mama anasema akupashie?" Niliwapaka asali kidogo kidogo pande zote mbili na nikajiona nimeishika nyumba.

Siku moja mama alikuwa anamenya mahindi mabichi. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mwambie baba yako, kama angekuwepo, mwanangu angekuwa hai."

Nilitoka jikoni. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anashona mzinga wa gome. Nilisimama mbele yake na nikatafuta namna ya kulipaka asali neno lile, nikakosa. Akauliza, "Kasemaje?" Nikamjibu, "Hajasema kitu." Huo ukawa ujumbe wa kwanza nilioukalia.

Nilikuwa na sababu yangu. Jirani zetu walikuwa wamegombana mwaka ule, wakaambiana maneno makubwa mbele ya watu, wakapelekana ustawi wa jamii. Waliporudi walikuwa wamegawana watoto. Shija alikwenda na baba yake Mwese, huko milimani, na dada yake Pendo akabaki akicheza rede na ukuta. Mimi nikaelewa hivi: neno kubwa likisemwa, watu wanakwenda ofisini, na ofisini kuna mtu anayegawa watoto. Basi nikafunga mdomo. Na kwa kuwa sikujua neno lipi lingelivuta lile kubwa nyuma yake, nikaona bora nifunge moja kwa moja. Nyumbani nikawa nikitumwa natikisa kichwa tu. Shuleni mwalimu akaniuliza jina langu nikamtazama. Niliongea na Masanja peke yake, mdogo wangu wa miaka minne, nyuma ya banda la kuku, kwa kunong'ona.

Mwalimu ndiye aliyesema nipelekwe hospitali. Kule mjini wakanichungulia koo, wakanichungulia masikio, wakakuta kila kitu kipo mahali pake. Nesi akamuuliza mama maswali machache kisha akasema kuna mama mmoja chumba cha nyuma, anaitwa Mama Yustina, anashauri familia. Twende Alhamisi. Wote.

"Anayeumwa ni mtoto," baba alisema siku hiyo, akimwambia mlango. "Mimi nikafanye nini? Nikafunguliwe mdomo na mimi?"

Lakini Alhamisi akatoa pikipiki. Jirani mmoja akatuona tumevaa nguo za kutokea, akauliza tunakwenda wapi, mama akamweleza kwa kifupi. "Aa," yule mama akasema, "si ndio hao hao wa ustawi?" Nilimsikia, nikamshika Masanja mkono.

Chumba kilikuwa kidogo na dirisha lake lilitazama bomba la maji. Hakikuwa na meza. Hilo lilinishangaza: ofisi bila meza, muhuri wanagongea wapi? Badala yake kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka amekaa mama mfupi, mpana, Mfipa kwa lafudhi, amenyoosha miguu kama anayechambua maharage. Alitukaribisha pale pale chini. Mama akakaa, sisi tukakaa. Baba akachagua benchi la ukutani, akaweka kofia juu ya goti.

Mama Yustina akamimina kapu. Yalikuwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa vya kitenge, makubwa na madogo, ya kike na ya kiume, vile vile tulivyojitengenezea sisi watoto nyumbani. Akayasogeza kwangu. "Kabula, hawa ndio watu wa kwenu. Hebu nipangie. Nani anakaa na nani?"

Nikajua ndiyo saa yenyewe. Tena wamenipa mimi nigawe! Niliyakusanya magunzi yote, hata lile ambalo Masanja alikuwa ameshaliweka mdomoni, nikayatia ndani ya sketi, nikaikunja na kuikumbatia kwa mikono miwili. Mama akaona aibu. "Kabula, jamani, toa hivyo vitu vya watu." Baba naye kutoka kwenye benchi: "Sikia unachoambiwa."

"Mwacheni," Mama Yustina akasema. "Ameshajibu. Amesema wanakaa wote pamoja, na yeye ndiye anayewashika." Akaniinamia kidogo. "Mikono haichoki, mwanangu?"

Ilikuwa inachoka. Ilikuwa imechoka muda mrefu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza. Nilimtazama yule mama kwa mshangao ambao bado unao uzito kifuani mwangu nikiandika haya. Sikuwa nimesema neno, na mtu alikuwa amenisikia.

Baada ya hapo akawapa wazazi kazi ambayo sijawahi kuona mtu mzima akipewa. Alisema kwa muda wa kama robo saa watoto ndio wakubwa. Baba na mama wacheze wanavyoambiwa, wasitume, wasikosoe, wasifundishe. Masanja hakungoja aambiwe mara mbili. "Baba, wewe mbuzi."

Baba alimtazama Mama Yustina, naye akatazama dirisha. Huyu ni mtu aliyepanda miti mirefu na kutia mkono katikati ya nyuki. Wanaume wa Magamba walimwamkia kwa heshima. Akaweka kofia kwenye benchi. Akashuka. Akapiga magoti, akaweka viganja chini, akasema, "Mee."

"Sivyo," Masanja akasema. "Mbuzi wetu analia sana."

Baba akalia sana. Mama akajifunika mdomo kwa kanga na mabega yake yakatikisika. Mimi niliganda. Nilikuwa sijawahi kuuona utosi wa baba, na sasa ulikuwa chini yangu, una kipara kidogo chenye alama mbili za kuumwa na nyuki. Niliutazama kama watu wanavyotazama ziwa kwa mara ya kwanza. Kumbe mkubwa anaweza kushuka, na akishuka bado ni baba.

Mama akajisahau. "Kabula," akasema, "mwambie baba yako suruali itachafuka."

"Mama Kabula," Mama Yustina akasema polepole, "baba si huyo hapo? Ukinyoosha mguu unamgusa."

Mama hakunyoosha mguu. Lakini niliona baba ameacha kulia kimbuzi.

Tukawa tunakwenda kila Alhamisi. Sikuongea, na hakuna aliyenilazimisha. Masanja ndiye aliyeongea, mdomo wake haukuwa na kifuniko. Safari ya pili, akiwa anamlisha baba majani ya kuigiza, akamwambia Mama Yustina kila kitu nilichomnong'oneza nyuma ya banda: kwamba hapa ndipo Shija alipogawiwa na sisi tutagawiwa, na kwamba Kabula kasema tukatae mpaka tupelekwe wawili. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Yustina aliendelea kukunja kipande cha kitenge.

Safari ya tatu baba akakaa mkekani bila kuambiwa, na Mama Yustina akanipa gunzi dogo. "Nionyeshe huyu anashindaje nyumbani."

Niliweka gunzi la mama upande huu wa mkeka na la baba upande ule. Nikalitembeza lile dogo kutoka kwa mama kwenda kwa baba. Nikalirudisha. Nikalipeleka tena. Nililitembeza mpaka mkeka ukaanza kujikunja, na chumba chote kikawa kinatazama.

"Anatembea sana huyu," Mama Yustina akasema. "Kabeba nini?"

Nilitoka nje. Karibu na bomba kulikuwa na mawe, nikachagua moja kubwa kuliko gunzi lenyewe, nikarudi nalo. Nikalifunga mgongoni mwa gunzi kwa kitambaa, kama anavyobebwa mtoto. Gunzi likaanguka. Nikalisimamisha, likaanguka tena.

"Sasa hilo si litamvunja mgongo?" baba akasema. Alianza kwa utani, lakini hakumaliza hivyo.

Mama Yustina akanitazama mimi peke yangu. "Anaweza kurudi nalo nyumbani leo, si dhambi. Au anaweza kulishusha hapa. Akilishusha, hakuna mtu atakayetoka mlango ule bila wenzake. Hapa hatugawi watoto, Kabula. Sijawahi kugawa hata mmoja."

Nilimshika Masanja shati kwa nyuma, kwa usalama. Kisha nikamgeukia baba, na sauti ikatoka imekauka kama ya mtu aliyeamka.

"Mama anasema, kama ungekuwepo, Neema angekuwa hai."

Nje mtu alikuwa anajaza ndoo. Tulisikia maji yakipanda mpaka yakamwagika. Mama alikuwa ameweka viganja vyote viwili usoni. Mimi nilitazama mlango, nione nani atatangulia kusimama.

"Huo ujumbe unao tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu mahindi mabichi."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamekauka, yamepukuchuliwa. Baba alihesabu miezi hiyo kichwani, nikaona inavyompita usoni mmoja mmoja. "Nilishaupata, mama," akasema. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Nilishajiambia mwenyewe. Kila mzinga niliopanda nilijiambia hivyo hivyo."

"Nilimtuma mtoto," mama akasema ndani ya viganja. "Mungu wangu, nilimtuma mtoto."

Baba akafuta uso kwa mkono wa shati. "Watoto watoke kidogo," akasema.

"Walikuwepo siku ile," Mama Yustina akamjibu, bila ukali. "Wewe ndiye hukuwepo, baba. Wakae."

Nimekuwa mzazi sasa, na kila nikisikia mtu anasema hawa bado wadogo, hawaelewi, wapeleke nje wakacheze, nafikiria ile sentensi. Tulikaa. Na mama akashusha mikono, akamtazama baba, akaanza kumsimulia siku aliyokufa Neema, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kumpitisha mtu. Alivyombeba mpaka barabarani. Pikipiki zilizopita zimejaa. Alivyoona macho yanabadilika akarudi nusu ya njia, kisha akageuka tena. "Sikujua niende wapi, Baba Kabula. Nilikuwa nageuka tu pale barabarani."

"Mimi nilibeba chupa ya maji," Masanja akasema.

Wote tukamgeukia. Alikuwa na miaka mitatu siku ile, na hakuna aliyejua kwamba anakumbuka. "Ilikuwa nzito," akaeleza. "Lakini sikuimwaga."

"Na mimi nilimpepea," nikasema. "Kwa kanga."

Baba akawa anatuuliza mmoja mmoja, kama mgeni anayeuliza njia. Alilia? Hakulia, mama akasema, alikuwa ananitazama tu. Alikuwa amevaa nini? Ile ya njano, nikamjibu mimi, maana nilikumbuka. Alikunywa yale maji? Kidogo, Masanja akasema. Kila alichouliza, mmoja wetu alikuwa nacho. Tulimjengea baba siku ambayo hakuwa nayo, kipande kwa kipande, mpaka akainama na paji la uso likagusa goti lake, na mama akanyoosha mkono akauweka kwenye ule utosi.

Mimi nilitazama juu. Dari ilikuwa palepale. Neno ambalo nililibeba miezi yote ile nikijua litaivunja nyumba lilikuwa limeshatoka, limezunguka chumba kizima, na sisi wanne tulikuwa bado juu ya mkeka mmoja. Nimesimama mbele ya mambo makubwa tangu siku ile, nimezika na nimezaa, lakini sidhani kama nimewahi tena kushangaa kiasi kile.

Tulirudi nyumbani mshikaki kama tulivyokuja, Masanja mbele juu ya tangi, baba, mimi katikati, mama nyuma. Hata hatujaumaliza mji mama akaanza.

"Uliniambia wiki mbili. Ukakaa tatu."

"Nyegere walikuwa wameingia. Ningeiacha mizinga?"

"Ungeiacha."

"Halafu nyie mngekula nini?"

"Tungekula mahindi. Kwani tusingekula mahindi?"

Upepo ulikuwa unayachukua maneno, baba akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Aligeuza shingo akasema, "Unasemaje?" na mama akarudia kwa sauti zaidi, kidevu chake juu ya kichwa changu. Akamwambia kuhusu ndoo za asali, kwamba alitamani kuzimwaga zote. Baba akamwambia ungemwaga, kwa nini hukumwaga. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakigombana. Kila msimu kulikuwa na mizinga ya kuiogopa. Nilikaa tayari kama nilivyozoea, nikingoja mmoja wao aniambie mwambie mwenzako, na hakuna aliyenikumbuka. Maneno yalikuwa yanapita juu yangu, yanakwenda na kurudi yenyewe, makubwa kwa madogo.

Kifua cha mama kilikuwa kinanguruma mgongoni kwangu na mgongo wa baba unanguruma shavuni. Nikapata usingizi. Nimeambiwa kwamba tulipofika Magamba walikuwa bado wanabishana, na kwamba mimi nilikuwa nimelala fofofo, mzito kama gunia, ikabidi wanishushe wawili.